Mapokezi ya Mvua ya Vumbwe

Hapo kale, na kale yenyewe ni juzi tu, palikuwa na nchi iliyoitwa Jamhuri ya Shwari. Raia wake walisalimiana kwa neno moja, "Shwari?", na jibu lilikuwa moja, "Shwari tupu." Aliyejibu vinginevyo alipewa barua ya kujieleza. Hata mgonjwa aliyekuwa akikata roho hospitalini alijibu shwari tupu, daktari akaandika hivyo kwenye faili, na wote wawili wakawa wametimiza wajibu wao kwa taifa.

Katika nchi hiyo aliishi mwanamke aitwaye Havijawa Mtengule, msomaji wa picha za setilaiti katika Idara ya Anga. Kila siku saa saba mchana chombo cha wageni kilipita juu ya Shwari, kikaipiga picha kutoka mpaka hadi mpaka, na Havijawa akaketi mbele ya kompyuta kuisoma: hapa moto, hapa moshi, hapa vumbi, linaelekea wapi, litafika lini. Alikuwa hodari, na hodari wa kweli, si wa kupewa cheti. Wageni kazini aliwafundisha kwa maneno machache. "Wingu halina shina," aliwaambia. "Moshi una shina. Ufuate kinyumenyume, mwishoni utaukuta moto."

Lakini picha haikuruhusiwa kutoka nje ikiwa uchi. Hili ndilo jambo ambalo wageni waliotembelea Shwari hawakulielewa, maana kwao hakuna adabu. Mkuu wa Utulivu, ambaye ndiye mtawala, alionyeshwa siku moja picha ya nchi yake kutoka juu, akaona misitu iliyokatwa, mito iliyokauka na nyika iliyobaki mifupa, akageuza uso kwa haya. "Hivi ndivyo tunavyotazamwa?" aliuliza. "Mama yenu angepigwa picha hivi mngeitoa gazetini?" Wiki hiyo hiyo ikapitishwa Sheria ya Stara ya Taifa, na ndani ya Idara ya Anga kikaanzishwa Kitengo cha Stara, chenye watu kumi na wawili waliosomea uchoraji. Kazi yao ilikuwa kuivisha nchi. Palipoungua walipaka kijani. Palipokauka walipitisha buluu. Picha ikishavaa, ndipo ilipopelekwa kwa wakubwa, na wakubwa walipoiona walitikisa vichwa kwa kuridhika, wakasema nchi imependeza.

Kitengo chenyewe kilikuwa siri. Stara inayotangazwa si stara tena.

*

Jumatatu moja Havijawa alifungua picha ya saa saba, akasogeza kiti karibu. Msitu wa Kiwindi ulikuwa na vidoa vyekundu saba, na kila kidoa ni moto. Kutoka kwenye vidoa hivyo moshi ulitoka, ukaungana, ukanyooka kuelekea magharibi, mahali pasipo na watu. Hiyo ilikuwa nafuu ya siku tatu tu. Alichukua ramani ya upepo, akapima, akapima tena. Alhamisi mchana upepo ungegeuka. Moshi wote ungemwagwa juu ya mji wa Vumbwe, na moto ungeufuata kwa nyuma kupitia nyasi kavu.

Vumbwe ndiko alikozaliwa. Baba yake, Mzee Mtengule, alikuwa bado anaishi huko, mtu mmoja mrefu, mwenye maneno machache na kifua kibovu. Miaka thelathini alikuwa fundi katika kiwanda cha saruji, na saruji hiyo nusu ilijenga taifa, nusu ilibaki mapafuni mwake.

Nani aliuwasha moto wa Kiwindi, kila mtu alijua. Shemeji yake Mkuu wa Utulivu alipewa msitu apande miwa, naye aliona kuukata ni kujichosha. Ila kwa sheria za Shwari, moto lazima uwe na mwenyewe. Mwenyewe huyu hakuweza kutajwa, kwa hiyo moto haukuwapo.

Havijawa aliandika taarifa ya tahadhari, ukurasa mmoja, akaipeleka mwenyewe kwa Mkurugenzi.

Mkurugenzi wa Idara ya Anga alikuwa Daktari Kingolile. Udaktari wake ulikuwa wa heshima, alitunukiwa kwa hotuba yake ya "Anga ni Paa la Amani." Alisoma taarifa ile akiishika kwa ncha za vidole.

"Havijawa, kaa."

"Nimekaa, Mkurugenzi."

"Humu ndani umeandika neno fulani."

"Neno gani?"

"Mimi silitamki. Liko mstari wa tatu."

"Moshi?"

Mkurugenzi aliinuka, akafunga dirisha, akarudi kuketi. "Binti yangu," alisema kwa upole, "wewe ni mtumishi wa siku nyingi. Unaujua mwongozo. Vumbi tunaliitaje?"

"Udongo ulio safarini."

"Vizuri. Na hilo neno lako?"

Havijawa alitazama dirisha lililofungwa.

"Wingu changa," Mkurugenzi alimjibia. "Wingu ambalo bado halijakomaa. Sisi ni nchi inayoendelea, na mawingu yetu yanaendelea pia. Kwa nini umkatie tamaa mtoto kabla hajakua?"

"Mkurugenzi, Vumbwe kuna watu elfu arobaini. Alhamisi watavuta sumu. Tukiwaambia leo, wana siku tatu za kuondoka."

"Waondoke kwa sababu gani? Kwa sababu ya moto upi? Wa nani?" Alimtazama kwa huruma iliyofanyiwa mazoezi. "Baba yako bado anapata dawa ya kifua? Ile ya kuvuta?"

"Anapata."

"Kwa kadi yako ya utumishi."

"Ndiyo."

"Kadi ile inamtaka mtumishi awe mtumishi," alisema Mkurugenzi, akamsogezea kalamu.

Picha ilikuwa mezani, imekwisha kuvishwa. Kitengo cha Stara kilikuwa kimeufunika ule moshi kwa rangi nyeupe nzito, nzuri, wingu kubwa lenye maungo ya kuvutia. Chini pameandikwa: Wingu changa, litatua Vumbwe Alhamisi. Imesomwa na kuthibitishwa na, halafu nukta, halafu nukta. Havijawa aliiangalia kwa muda. Alijiambia kuwa karatasi ni karatasi tu. Kesho angempigia baba simu, angemwambia aondoke, na dawa yake ingeendelea kupatikana. Alitia sahihi. Ilikuwa sahihi nzuri, imesimama wima, na aliichukia kabla wino haujakauka.

*

Hapa ndipo nchi ya Shwari ilipofanya kosa ambalo nchi nyingine haiwezi kulifanya, hata ikijitahidi.

Picha iliyovaa ilipelekwa Wizara ya Neema, inayoshughulikia kilimo. Wizara ya Neema haikujua kuwa kuna Kitengo cha Stara, kwa kuwa kilikuwa siri. Kwa miezi minane ilikuwa ikisubiri mvua. Sasa ikaletewa picha yenye mhuri, ndani yake wingu la kilomita mia tatu, jeupe, nono, na mtaalamu amethibitisha kuwa Alhamisi litatua Vumbwe.

Waziri wa Neema, Mheshimiwa Pambe Marashi, aliibusu ile picha. Halafu akaita redio.

Jumanne tangazo lilisomwa kila saa. Wananchi wa Vumbwe walitakiwa kuipokea mvua kwa nidhamu. Kila kaya itoe nje ndoo, beseni na mapipa. Maturubai yaliyofunika nafaka yaondolewe. Alhamisi kuanzia saa sita mchana ni marufuku kufunga madirisha, kwani kuifungia mvua dirisha ni kuidharau serikali iliyoileta. Wote wenye nguvu wakusanyike uwanja wa mpira, ambapo Mheshimiwa Waziri mwenyewe atakuwa mgeni rasmi. Wazee na wagonjwa waipokee majumbani, milango ikiwa wazi. "Taarifa hii," msomaji alimalizia, "imesomwa na kuthibitishwa na mtaalamu wetu, Havijawa Mtengule."

Idara ya Anga ilisikia tangazo lile, ikakaa kimya. Ingesema nini? Kusema si mvua ni kusema ni moshi.

*

"Baba, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu! Nimekusikia redioni!" Sauti ya Mzee Mtengule ilikuwa na furaha ambayo Havijawa hakuwa ameisikia tangu mama yake afariki. "Mtaa mzima umekusikia. Wamebandika picha yako ofisi ya mtaa."

"Picha yangu?"

"Ya wingu. Chini ina jina lako. Wamenifanya mwenyekiti wa kamati ya mapokezi. Mimi, mtu nisiyejua hata kucheka na watu."

"Baba, nisikilize. Ondoka Vumbwe. Kesho, ukiweza leo hii. Nenda kwa shangazi."

Kilisikika kikohozi kirefu, na Havijawa alikihesabu kama alivyokihesabu utotoni. "Huku kuna harufu," baba yake alisema taratibu. "Tangu jana. Watu walianza kusema ni Kiwindi inaungua. Mimi ndiye niliyewatuliza. Nikawaambia, jamani, hii hapa karatasi, na huyu ni mwanangu, hajawahi kunidanganya tangu aanze kusema."

"Baba, ile karatasi…"

"Sasa nimwamini yupi? Wewe wa kwenye simu au wewe wa kwenye karatasi?"

Havijawa alishika simu kwa mikono miwili. "Wa kwenye simu."

"Basi mwambie huyo wa kwenye simu aseme mbele za watu. Nikibeba mkoba niwapite majirani waliobaki kwa ajili ya neno langu, nitakuwa mtu gani? Siku utakayosema hadharani, nitaondoka, na mtaa wote nitautoa. Kabla ya hapo nipo." Alikohoa tena. "Dawa ipo, usihangaike."

Havijawa alilia ofisini bila kujificha. Watu wa Kitengo cha Stara walimtazama, kisha mmoja wao akaja akamfunika mabega kwa kanga, kwa mazoea.

Siku ya Jumatano aliitumia kutafuta namna ya kulifuta wingu. Namna ilikuwapo. Kulikuwa na Fomu ya Kuondoa Wingu, nakala sita, na ilijazwa na wilaya husika baada ya wingu kuondoka. "Sasa likiwa bado lipo?" aliuliza. Karani wa fomu alishangaa swali. Likiwa bado lipo, utaliondoaje?

Alipigia simu redio ya taifa; walimwomba atume picha yenye mhuri. Picha yenye mhuri ilikuwa moja tu, ile ile. Alipowaeleza kuwa amekosea, walimpongeza kwa unyenyekevu wake.

Mchana Mkurugenzi alimwita, akamwambia habari njema. Waziri amependa sana kazi yake, na kesho atafuatana naye Vumbwe, akae jukwaani, apungie watu mkono. Havijawa alikubali upesi mno, mpaka Mkurugenzi akamtazama mara mbili. Kabla ya kutoka kazini alichapa picha ya Jumatano ikiwa uchi kabisa, na vidoa vyake vyekundu, ambavyo sasa vilikuwa kumi na tisa, akaikunja, akaiweka ndani ya nguo, mahali ambapo askari wa Shwari, kwa sababu ya stara, hawapekui.

*

Msafara wa Waziri ulikuwa na magari ishirini na sita na lori moja la miavuli. Walipofika Vumbwe jua lilikuwa limegeuka rangi ya chai. Uwanja wa mpira ulijaa. Watu walikohoa, na aliyekohoa sana aliambiwa na mgambo asimtangulie mgeni rasmi. Safu ya mbele alikaa Mzee Mtengule, amevaa koti la mvua la njano lililotolewa na kamati, amenyooka kwenye kiti.

Waziri Pambe Marashi alisimama.

"Wananchi wa Vumbwe! Wapo waliosema hatutaleta mvua. Wako wapi leo?" Makofi. "Wapo wenye pua za uchochezi, wanaosema wanasikia harufu. Nawaambia, hiyo ni harufu ya maendeleo, hamjaizoea! Wingu lile pale," alinyosha mkono kuelekea Kiwindi, ambako magharibi yote ilikuwa imekuwa nyeusi, "wingu lile ni changa, lakini lina utii. Limeambiwa saa sita na nusu. Tazameni saa zenu!"

Watu walitazama saa. Upepo uligeuka. Ilikuwa saa sita na nusu kasoro dakika mbili, na Waziri aliichukua hiyo kuwa ni heshima ya pekee.

Majivu ya kwanza yalianguka kwenye kitambaa cheupe cha meza. Waziri aliyagusa kwa kidole, akakitazama, akakipangusa kwenye suruali ya mlinzi wake. "Na sasa," alisema, "mtaalamu wetu awasalimie. Salamu tu."

Havijawa alikamata kipaza sauti. Alikuwa ametayarisha maneno mengi, yote yakampotea, akabaki na baba yake tu, pale mbele, katika koti la njano.

"Baba," alisema, na uwanja mzima ukamsikia. "Nilitia sahihi uongo. Hii hapa picha yenyewe." Aliitoa, akaikunjua. "Huu ni moshi. Kiwindi yote inaungua na moto unakuja nyuma yake. Kimbieni, jamani. Elekeeni kusini, barabara ya machimboni, upepo hauendi huko. Msibaki kwenye…"

Kipaza sauti kilizimwa. Kwa muda mfupi hakuna aliyejongea. Washwari wamefundishwa kungoja ishara, na baadhi yao walianza kupiga makofi.

Mzee Mtengule aliinuka. Alivua koti la mvua, akalikunja vizuri, akaliweka kwenye kiti. Akawageukia watu. Hakupaza sauti, maana hakuwa na pumzi ya kupaza. "Mwanangu amesema ni moshi. Mimi ndiye niliyewaambia mbaki. Sasa nawaambia twendeni."

Wakaenda. Kwanza mtaa wake, kisha mtaa wa pili, kisha uwanja wote ukavunjika kuelekea kusini, na ndoo zao tupu zikabaki zimepangwa mistari, zikisubiri kukaguliwa. Msafara wa Waziri nao uliondoka, kwa kasi kuliko wote. Majivu yalikuwa mengi hata madereva wakawasha waipa, na mwandishi wa redio, aliyekuwa ndani ya gari la saba, akaripoti moja kwa moja kuwa mvua imeanza, ni kubwa, na waipa zinafanya kazi.

Askari wawili walikuwa wamemshika Havijawa mikono. Walipoanza kukohoa walimwachia, kwa sababu mtu anahitaji mikono yake yote miwili kufunika uso. Alimkuta baba yake kwenye kona ya machimboni, akienda kinyume na watu.

"Baba, huko siko!"

"Bi Nguwasa yumo ndani," baba yake alisema. Bi Nguwasa alikuwa jirani yao, kikongwe asiyeweza kutembea. "Nilimfungulia madirisha mimi mwenyewe asubuhi. Nimemwambia alale tu, mvua ikija ataisikia."

"Nitakwenda mimi."

"Hujui alipohamishia kitanda. Wewe kaa hapa uwaonyeshe watu njia. Wanakuamini tena." Alimgusa shavu kwa mkono uliokuwa mgumu kwa saruji ya miaka mingi. "Umechelewa, lakini umesema."

Havijawa alibaki njia panda, akipunga kitenge na kuita mpaka sauti ikamkauka, na maelfu wakapita mbele yake. Bi Nguwasa aliletwa na vijana wawili waliomkuta njiani mgongoni mwa mzee mmoja. Walisema mzee aliwakabidhi mzigo, akaketi kidogo apumzike ukutani, akawaambia watangulie.

*

Serikali ya Shwari haikuficha msiba ule. Bendera zilipepea nusu mlingoti. Mkuu wa Utulivu mwenyewe alihutubia, akasema mvua ya Vumbwe ilikuwa baraka iliyozidi kipimo, na kwamba watu thelathini na mmoja waliobaki nyuma ni mashujaa wa neema. Waziri Pambe Marashi alipewa nishani ya maji.

Havijawa hakufungwa. Kumfunga kungehitaji kueleza alisema nini. Aliandikiwa kuwa yuko likizo, na likizo haikutajwa mwisho. Wiki ya pili alikwenda ofisi ya vizazi na vifo kuchukua cheti cha baba yake, kwa sababu bila cheti jina lake haliwezi kuandikwa kaburini.

Karani alikuwa mwanamke mstaarabu, mwenye sauti laini. Alimpa pole, akamkaribisha kiti, akamsomea ili kuhakikisha majina hayana kosa. Jina, Mtengule. Kazi, fundi mstaafu. Mahali, Vumbwe. Sababu ya kifo: kufa maji.

"Soma tena," Havijawa alisema.

"Kufa maji. Wote thelathini na mmoja, dada. Mvua ilikuwa kubwa."

"Nilimwosha uso mwenyewe. Alikuwa na masizi puani na mdomoni. Nguo zake zilikuwa kavu."

"Zilikauka," karani alisema kwa huruma. "Pole sana. Maji hayana adabu."

Havijawa aliichukua kalamu iliyokuwa mezani, na juu ya maneno yale mawili, kwa herufi kubwa zilizopasua karatasi, akaandika MOSHI. Akashuka chini, panapothibitishwa, akatazama ile nukta na nukta. "Nipe nitie sahihi," alisema. "Mimi ndiye msomaji. Nathibitisha moshi."

Karani hakukasirika. Aliitoa karatasi ile taratibu chini ya mkono wake, akaikunja, akaitia kwenye kikapu, akavuta nyingine iliyokwisha kujazwa kwa taipu. Halafu akafungua droo, akatoa mhuri mpya, mpini wake bado unang'aa.

"Usijisumbue, dada," alisema. "Sahihi yako tunayo."

Akaugonga. Ilikuwa ile ile ya Jumatatu, nzuri, imesimama wima. Karani akaipulizia ikauke, kisha akamwuliza kama angependa nakala mbili au tatu.